Video za wanafunzi darasani: picha na sauti, uhuishaji, shoti moja, mahojiano au igizo?

Mwalimu akitangaza kwamba mada hii itafanywa kwa video, darasa huwa limeshaamua kabla hajamaliza sentensi: igizo. Nani atakuwa chifu, nani atakuwa daktari, nani ana miwani ya jua. Mara nyingi huo ndio uchaguzi mbaya kuliko yote, na ubaya wake hauonekani hadi wiki ya tatu. Kurekodi kunahitaji watu watano. Kuhariri kunahitaji mmoja. Skrini ya simu ni ndogo, kidole kinachokata klipu ni kimoja, na wanne waliobaki wanapiga soga. Kadiri aina ya video inavyodai uhariri mwingi, ndivyo sehemu kubwa ya kikundi inavyokaa bure, na ndivyo somo lenyewe linavyosahaulika.

Kwa hiyo swali la kuanza nalo si video ipi itapendeza. Ni hili: kazi ya kufikiri inafanyika wapi, na mikono mingapi inaifanya?

Hesabu zilizo hapa chini ni za darasa la kawaida la sekondari Kenya au Tanzania: wanafunzi 50, vikundi 10 vya watu watano, vipindi vya dakika 40, simu tatu za walimu (shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu) na kompyuta moja ya ofisini. Ukiwa na vishikwambi kumi, vipindi vitapungua, lakini mpangilio wa ipi ni nyepesi na ipi ni nzito hautabadilika.

| Aina | Urefu unaofaa | Vipindi | Nafasi kwa kila kikundi | Uhariri | Sura zinaonekana? |
|---|---|---|---|---|---|
| Picha na sauti | dakika 2 | 4 | chini ya MB 80 | mdogo | si lazima |
| Uhuishaji wa picha moja moja | sekunde 30 | 4 hadi 5 | MB 120, au GB 1 ukitumia kamera ya kawaida | mdogo | hapana |
| Shoti moja | sekunde 90 | 3 | MB 270 hadi 450 | hakuna | ndiyo |
| Mahojiano | dakika 2 hadi 3 | 6, pamoja na kazi ya nje | GB 1 hadi 1.7 | mkubwa | ndiyo, na za watu wa nje |
| Igizo | dakika 3 | 8 au zaidi | GB 1.8 hadi 3 | mkubwa sana | ndiyo |

Nafasi ya kuhifadhi faili kwenye simu imehesabiwa kwa ubora wa video wa 720p (1080p na 4K ni ubora wa juu zaidi), ambapo simu nyingi hutumia MB 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa 1080p ni MB 130 na kuendelea, na kwa 4K hufika MB 350. Projekta za zamani zilizo shuleni huwa za pikseli 1024×768 au chini ya hapo, kwa hiyo 4K ni kujaza simu ya mwalimu kwa ubora ambao hakuna atakayeuona. Weka 720p, zima kuhifadhi picha kwenye intaneti kunakojiendesha kwenyewe, na simu zote ziwe katika hali ya ndegeni wakati wa kurekodi. Kwenye simu nyingi, simu ikiita katikati, rekodi hukatika.

Safu ya mwisho ya jedwali hupuuzwa, nayo ina uzito wa sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sura na sauti ya mtoto ni taarifa zake binafsi, na idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha: nini kitarekodiwa, nani atakitazama, kitahifadhiwa hadi lini. Tatizo ni kwamba fomu 50 hazirudi zote. Zikirudi 38, aina mbili za juu kwenye jedwali bado zinakuruhusu kufanya kazi na darasa zima: sura hazionekani, na msomaji wa kila kikundi anachaguliwa miongoni mwa walioleta fomu. Zile tatu za chini zinakulazimisha kugawa darasa.

Picha na sauti

Kama darasa halijawahi kutengeneza video, anza hapa. Ni mfuatano wa picha 12 hadi 15, za kuchorwa au za kupigwa, huku sauti ya mwanafunzi ikieleza. Inaonekana duni karibu na igizo, lakini ndiyo inayowalazimisha wanafunzi kuandika vizuri, maana hakuna uso wa kuchekesha wa kufichia sentensi mbovu.

Kadiria maneno 100 kwa dakika kwa msomaji wa darasani anayesoma kwa utulivu. Video ya dakika mbili ni maneno 200, nusu ukurasa wa daftari. Kila picha hubeba sentensi moja au mbili na hukaa sekunde 8 hadi 10. Kikundi kikileta maneno 450, usikubali kwamba "tutasoma haraka". Wakate.

Kazi hugawanyika yenyewe: wawili kwenye picha, mmoja anaandika, mmoja anasoma, mmoja anaunganisha. Mada zinazofaa ni zile ambazo haziwezi kurekodiwa hata ukitaka. Chukua Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Igizo litakuletea vijana wenye mikuki ya miti na kelele nyingi. Picha na sauti itakuletea ramani moja iliyochorwa mara nne, kila mara vita vikiwa vimeenea zaidi: vilima vya Umatumbi, kisha Mahenge, kisha Ungoni. Mwanafunzi aliyeichora ramani hiyo mara nne hataisahau.

Kinachoharibika hapa ni sauti. Darasa lenye sakafu ya saruji na paa la mabati lina mwangwi, na mvua ikinyesha hakuna kurekodi kabisa. Simu iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, imeegemea pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isigonge maikrofoni. Umbali ndio kila kitu: ukiuongeza mara mbili, nguvu ya sauti ya msemaji hushuka hadi robo, huku mwangwi wa ukuta ukibaki palepale. Mahali pazuri ni stoo yenye magunia au ofisi yenye mapazia. Gari la mwalimu lililoegeshwa kivulini, vioo vikiwa vimefungwa, linashinda vyote, ingawa joto lake halivumiliki kwa zaidi ya dakika chache.

Rekodi kila sentensi kama faili yake, uziite 01, 02, 03. Msomaji akikosea sentensi ya tisa, inarudiwa hiyo tu. Ukirekodi dakika mbili kwa mkupuo, kosa moja linarudisha kikundi mwanzo, na kufikia mara ya tano sauti imeshachoka.

PowerPoint inatosha kuunganisha: sauti hurekodiwa slaidi kwa slaidi, kisha wasilisho zima huhifadhiwa kama video ya MP4. Msomaji asiongee slaidi zikiwa zinabadilika, kwa sababu sauti ya wakati huo hairekodiwi na neno la kwanza litamezwa. Anyamaze sekunde moja, ndipo aanze.

Uhuishaji wa picha moja moja

Hii ndiyo aina inayodharauliwa bila sababu, na kwa masomo ya sayansi hakuna inayoikaribia. Vitu vidogo vinawekwa mezani, vinasogezwa milimita chache, vinapigwa picha, vinasogezwa tena. Picha zikichezwa mfululizo, vitu vinatembea.

Tumia picha 8 kwa sekunde. Filamu za kitaalamu hutumia 12 au 24, lakini kikundi cha wanaoanza hupiga picha nne au tano kwa dakika, yaani kama 160 hadi 200 kwa kipindi kizima. Kwa picha 8 kwa sekunde, video ya sekunde 30 ni picha 240: kipindi kimoja na nusu. Dakika nzima ni picha 480, vipindi vitatu, na kwenye cha tatu utasikia watu wakiomba ruhusa ya kwenda chooni kwa zamu. Ukitaka muda zaidi bila jasho, acha picha ya mwisho wa kila hatua ikae sekunde mbili. Programu inaweza kuirudia mara 16. Programu ya simu ya Stop Motion Studio ina toleo la bure linalotosha, na linaonyesha kivuli cha picha iliyopita ili ujue umesogeza kiasi gani. Weka ukubwa wa picha kuwa 1080p ndani ya programu. Ukipiga kwa kamera ya kawaida ya simu ya megapikseli 12, kila picha ni MB 3 au 4, na 240 zinakaribia GB 1.

Mpangilio: marundo mawili ya vitabu yenye urefu sawa, rula mbili juu yake kama daraja, simu imelala katikati kamera ikitazama chini, imefungwa kwa gundi ya utepe. Karatasi ya mandhari nayo ibandikwe mezani pembe zote nne. Simu ikitikisika mara moja, dunia nzima ya video inaruka.

Kosa kubwa la pili ni mwanga. Kamera ya simu hurekebisha mwanga yenyewe kila picha, na matokeo yake ni video inayopepesa. Bonyeza skrini na ushikilie mpaka alama ya kufunga mwanga na fokasi itokee. Kisha ziba madirisha mwanga wa nje usiingie: wingu likipita, hata kamera iliyofungwa itaonyesha giza. Taa za tyubu nazo zina kisirani chao. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kama kasi ya kamera haikupatana nao, picha huwa na mistari au hupishana mwangaza. Kwenye mipangilio tafuta sehemu ya kuzuia mmeto (anti-flicker) na uchague 50Hz. Kama hakuna, tumia balbu ya LED inayotoa mwanga uliotulia. Kupiga picha kwa kugusa skrini pia husogeza simu. Kwenye simu nyingi, kitufe cha sauti cha hedifoni zenye waya hufyatua kamera, na mtu mmoja anapewa kazi hiyo tu.

Faida yenyewe iko kwenye kuulizana. Wape mitosisi (seli kugawanyika kuwa mbili zinazofanana, kila kromosomu ikitengana kromatidi zake) kwa nyuzi za sufu: seli ya kromosomu nne, kila moja ikiwa na kromatidi mbili za rangi ileile zilizoungana katikati. Baada ya picha kama 100 lazima waamue: kinachotengana ni nini? Kikundi kinachopanga nyuzi za rangi mbili tofauti wawili wawili na kuzipeleka kila moja upande wake kimetengeneza meiosisi ya kwanza (mgawanyiko unaotenganisha jozi za kromosomu) bila kujua. Kwenye mtihani wa kuandika kosa hilo hujificha nyuma ya sentensi iliyokaririwa. Hapa liko mezani, na mwalimu anayepita analiona kwa sekunde mbili.

Jambo la pembeni kidogo: Biolojia sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, na uhuishaji hurekodiwa bila sauti. Kikundi kinaweza kuweka maelezo ya Kiswahili kwanza ili kielewe, kisha ya Kiingereza juu ya picha zilezile kwa ajili ya mtihani.

Shoti moja

Mwanafunzi anasimama, anaeleza au anaonyesha, rekodi inakatwa, kazi imekwisha. Hakuna uhariri, kwa hiyo hakuna anayekaa bure akisubiri simu, na ndiyo aina pekee ambayo unaweza kumpa kila mwanafunzi alama yake bila kubahatisha. Inafaa kwa kughani shairi, kusimulia, na majaribio mafupi ya maabara: kupima wanga kwenye jani kwa iodini, kwa mfano, ambako rangi ya buluu-nyeusi ndiyo ushahidi.

Hatari yake ni kosa la sekunde ya 80. Dawa ya kwanza ni kufupisha hadi sekunde 90. Ya pili ni kitufe cha kusitisha, ambacho simu nyingi za Android zinacho kwenye skrini ya kurekodi: jani likichemka kwenye spiriti unasitisha, linapotolewa unaendelea, na video inatoka ikiwa imeunganishwa tayari. Wakati kamera imesitishwa isisogezwe.

Kwa simu tatu na vikundi kumi, kila kikundi kinapata dakika 10 hivi, za kurekodi mara tatu. Msemaji awe mita moja kutoka kwenye simu, uso wake ukielekea dirishani. Akilipa dirisha mgongo atatoka mweusi.

Kwa wanafunzi viziwi hii ndiyo chaguo la kwanza, si la tatu. Fremu ianze kiunoni na kupita juu ya kichwa kwa nafasi ya kiganja, pande zote ziwe na nafasi ya viwiko, ukuta wa nyuma usiwe na michoro, na nguo ya anayeongea kwa alama itofautiane na rangi ya mikono yake. Mwalimu wa Lugha ya Alama ya Kenya atakwambia kuwa mkono uliokatwa na ukingo wa fremu ni neno lililofutwa.

Mahojiano

Historia ya eneo, Kiswahili, Jiografia, kilimo: hapa mahojiano huleta kitu ambacho hakipo kwenye kitabu. Gharama yake ni vipindi sita na nidhamu ya hali ya juu, kwa hiyo si kazi ya muhula wa kwanza.

Maswali yawe sita, hakuna la kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Mhojiwa aombwe mapema, kwa heshima, aingize swali ndani ya jibu lake: si "mwaka wa sabini na nne", bali "tulihamia kijiji hiki mwaka wa sabini na nne". Hivyo sauti ya mwanafunzi anayeuliza inaweza kukatwa yote. Mzee asiamriwe kurudia kwa sababu kamera haikuwa tayari. Kamera ijaribiwe kabla hajaketi.

Simu mbili zinahitajika. Ya kwanza inarekodi picha ikiwa mita 1.5 hadi 2. Ya pili inarekodi sauti tu, ikiwa mezani au mapajani mwa mhojiwa, karibu na mdomo kadiri inavyowezekana bila kuonekana. Usiitie mfukoni chini ya khanga au koti: kila anapopumua, kitambaa kinakwaruza maikrofoni. Ufukweni au penye upepo, funika tundu la maikrofoni kwa kipande cha sponji. Mwanafunzi apige kofi moja mbele ya kamera mwanzoni. Kofi hilo ndilo litakalolinganisha sauti na midomo.

Kisha rekodi swali kwa swali, usiache kamera ikimbie dakika 15. Sababu ni ya kiufundi: simu haitoi idadi ileile ya fremu (picha moja moja zinazounda video) kila sekunde; ikipata joto au mwanga ukipungua, hupunguza. Programu ya kompyuta inayodhani fremu ni 30 kamili itaacha sauti na midomo viachane polepole, na kufikia dakika ya kumi mzee ataonekana kama filamu iliyotafsiriwa vibaya. Klipu za dakika moja au mbili haziathiriki kiasi cha kuonekana. Ukiwa umeshachelewa, pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kompyuta ya kubadili faili za video, na uchague kiwango cha fremu kisichobadilika kabla ya kuhariri.

Uhariri ni mkubwa, lakini kuna njia ya kuwapa wote watano kazi: wahariri kwenye karatasi. Kila mmoja anachukua jibu moja au mawili, anasikiliza, anaandika maneno yote pamoja na dakika na sekunde, kisha kikundi kinapigia mstari sentensi zitakazobaki. Dakika 15 za mazungumzo hushuka hadi mbili na nusu kwa kalamu, na anayeshika simu au kompyuta anabaki fundi wa kukata pale palipoandikwa. Kikundi kisicho na karatasi hiyo kisipewe kompyuta.

Kurekodi kukiisha, wachukue shoti kumi za kufunika, sekunde 8 hadi 10 kila moja: mikono, shamba, picha ukutani, njia. Hizo ndizo zinazofunika mahali sentensi ilipokatwa.

Igizo

Matukio mengi, mavazi, mazoezi, mwigizaji mmoja aliyeenda nyumbani kutafuta karo katikati ya kazi. Kila shoti hurudiwa mara tatu au nne, na dakika moja iliyokamilika humgharimu mhariri anayeanza saa nzima au zaidi. Kwa vikundi kumi, klipu ghafi zinaweza kufika GB 30, nazo zinapaswa kubaki mahali pamoja hadi mwisho: programu za kuhariri za CapCut na KineMaster kwenye simu hutegemea faili zilizo kwenye simu yenyewe, kwa hiyo mwalimu akifuta klipu ili apate nafasi, kazi ya kikundi inafunguka ikiwa na mashimo.

Igizo lina mahali pake. Fasihi na tamthilia ni mada ambazo uigizaji ndio somo lenyewe. Na shule ya Kenya inayolenga Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu itafanya filamu kamili, lakini hiyo ni kazi ya chama baada ya saa za masomo, yenye kikundi kimoja na mwalimu mlezi, si ya darasa la watu 50.

Ukilazimika kulifanya darasani, bana masharti: mahali pamoja, wahusika watatu, shoti 8 hadi 12 zilizochorwa kwenye karatasi kabla ya simu kutolewa, na mswada uliotiwa sahihi na mwalimu. Nusu ya alama zitolewe kwenye mswada huo, kabla hata fremu moja haijarekodiwa. Matukio yote ya siku moja yarekodiwe kwa saa ileile, la sivyo kivuli cha mlingoti wa bendera kitaruka kutoka kushoto kwenda kulia katikati ya mazungumzo. Muziki utoke kwenye maktaba ya bure ya YouTube; wimbo wa Bongo Fleva uliopakuliwa una mwenyewe, na video ikipandishwa mtandaoni inaweza kuzimwa sauti au kuondolewa. Faili ya mwisho ikitumwa kwa WhatsApp itumwe kama hati, si kama video, vinginevyo inabanwa na maandishi madogo hayasomeki kwenye projekta.